Unaajiri? Shika CV za watu hivi kabla Sheria ya Taarifa Binafsi haijakushika wewe

Mwaka juzi nilinunua vitumbua nje ya ofisi, mama kanifungia kwenye karatasi nyeupe safi kabisa, nafika mezani nafungua nakuta "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MHASIBU MSAIDIZI". Jina kamili, namba ya simu, sanduku la posta, wadhamini watatu na namba zao, mafuta yameloa pale pale kwenye tarehe ya kuzaliwa. Barua haikuwa ya kwetu, nashukuru Mungu, lakini vitumbua sikuvimaliza, nikaenda stoo kuangalia maboksi yetu. Manne. Mengine ya toka 2014. Kitu pekee kilichokuwa kinazuia maombi ya watu yasifike kwa mama vitumbua ni kufuli la elfu tano na uaminifu wa dada wa usafi.

Mimi ni HR wa kampuni ya watu kama arobaini hapa Dar, sio mwanasheria, kwa hiyo hapa naandika vile tunavyofanya sisi baada ya kuisoma sheria na baada ya kuharibu mara moja mbili. Kama una kesi tayari tafuta wakili, usije ukanitaja mimi.

Sheria yenyewe inasemaje, kwa kifupi

Inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia Rais Samia aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Wadau wengi nikiwatajia wanasema hiyo ni ya mitandao ya simu na mabenki. Sio kweli. Ukishapokea CV moja tu ya mtu wewe tayari ni mkusanyaji wa taarifa, na kifungu cha 14 kinasema hakuna kukusanya wala kuchakata kama hujajisajili Tume. Usajili unafanyika mtandaoni, cheti kinadumu miaka 5, na unatakiwa uwe na mtu aliyeteuliwa kuwa afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, sisi tulimteua jamaa wa IT ambaye mwanzoni alidhani ni cheo kina posho.

Sasa kilichonishtua mimi ni tafsiri ya "taarifa binafsi". Mle ndani wametaja waziwazi umri, dini, hali ya ndoa, elimu, historia ya ajira, matibabu, makosa ya jinai, anwani, namba yoyote ya utambulisho, hadi kundi la damu. Hiyo ndo CV yenyewe sasa, kuanzia juu mpaka chini. Na kuna kitu wengi wanakiruka: maoni ya mtu mwingine kuhusu mhusika nayo ni taarifa zake binafsi. Yaani yale unayomwandikia pembeni mwa CV wakati wa intavyu, "anaringa", "Kiingereza hafifu", ni taarifa ZAKE, sio zako.

Hili nililijifunza kwa aibu. Tulikuwa tunajaza nafasi ya msimamizi wa stoo, nimetengeneza Excel yenye majina, umri, namba, na kolamu ya mwisho nimeiandika "Maoni". Nataka kuituma kwa wale watatu wa paneli, kidole kikateleza nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi wote. Nikaifuta baada ya dakika nne hivi, lakini dakika nne kwenye grupu la watu arobaini saa saba mchana ni nyingi sana, watu wameshika simu wanasubiri chakula. Mmoja wa walioomba alikuwa dada wa kwetu kwetu, yuko pale mapokezi, na mbele ya jina lake bosi mmoja alikuwa ameandika "ana mtoto mchanga atasumbua". Aliisoma. Alikuja ofisini kwangu hajasema kitu, akaweka simu mezani, skrini imewaka. Sina la kujitetea mpaka leo.

Na angetaka kushtaki alikuwa na njia mbili. Moja Tume. Nyingine ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, UKIMWI, umri na mengine, na kwenye kifungu hicho neno mfanyakazi linamjumlisha na anayeomba kazi. Kwa hiyo ile sentensi ya maneno manne ingetosha kabisa kupeleka kampuni CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Anzia kwenye tangazo, ndo dawa kubwa

Matangazo ya kazi waajiri wengi wanayakopi toka tangazo la mwaka jana, ambalo nalo lilikopiwa toka pengine, ndo maana bado wanaomba passport size mbili, nakala ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, dini, kabila, idadi ya watoto. Kwa kazi ya udereva unataka idadi ya watoto ya nini? Piga hesabu hii: wameomba watu 300, unaajiri 1, basi 299 wamekuachia nakala za NIDA ambazo hukuwa na shida nazo na sasa jukumu la kuzilinda ni lako. Usichokiomba hakiwezi kukuvujia.

Sisi hatua ya kwanza tunaomba barua, CV na maelezo ya vyeti basi, hata nakala za vyeti tunaomba kwa wale walioitwa intavyu tu. NIDA, namba ya mfuko wa jamii, TIN, akaunti ya benki, mtu wa karibu wa kupigiwa dharura likitokea, hizo ni za yule aliyeshapewa barua ya kazi. Kupima afya nako ni mwisho kabisa, na kama kazi haihitaji kipimo fulani usikiombe. Leseni ya dereva sawa, omba mapema, hiyo ina maana.

Alafu kuna kundi linaitwa taarifa binafsi nyeti: afya, makosa ya jinai, alama za vidole, asili ya mtu, imani yake, siasa, taarifa za watoto, miamala ya fedha. Hizi huzigusi bila idhini ya MAANDISHI toka kwa mhusika kabla, isipokuwa mazingira machache ambayo sheria imeyataja. Idhini hiyo anaweza kuiondoa muda wowote. Kwa hiyo kama mlinzi au keshia unamtaka alete hati ya polisi ya kutokuwa na makosa, msainishe fomu inayosema unaitaka ya nini, na fomu hiyo isiwe sentensi moja imefichwa ukurasa wa tatu.

Kabla hujakusanya, kifungu cha 23 kinataka mhusika ajue unakusanya kwa lengo gani na nani ataziona. Sio lazima uandike kurasa kumi. Sisi chini ya tangazo tunaweka hivi, chukueni tu:

"Taarifa utakazotuma zitatumika kwa ajili ya kukufikiria kwenye nafasi hii tu. Zitaonwa na idara ya rasilimali watu na wajumbe wa usaili. Usipochaguliwa tutazifuta baada ya miezi 6. Ukitaka kuona tulichonacho kuhusu wewe, kurekebisha au kufutwa, andika kwa emaili hii. Tafadhali usitutumie picha, nakala ya kitambulisho, wala kutaja dini, kabila au hali yako ya ndoa."

Hiyo sentensi ya mwisho imetusaidia kuliko zote, japo nusu ya watu bado wanatuma picha, wengine wamepiga studio kabisa na pazia la bluu nyuma. Zikija tunaficha ukurasa huo kabla haujaenda kwa paneli.

Mzigo ukishaingia

Tafuta emaili moja ya kazi hiyo, sio Gmail yako ya toka chuoni. CV zinazotumwa WhatsApp kwenye simu binafsi ya HR ndo balaa, simu inajisevia kwenye galari, mtoto anachezea simu nyumbani, ukihama kazi unahama na CV za watu 500. Mtu akinitumia kule namjibu kwa heshima, "Habari ndugu, asante kwa kuomba, naomba uitume kwenye emaili ya tangazo maana huku sizihifadhi", alafu nafuta. Wengine wananuna. Sawa.

Folda moja, paswedi, na wanaoifungua ni mimi na mkuu wa idara inayoajiri. Paneli wanapewa siku ile ile, ama kwenye skrini ama karatasi zilizopigwa namba, seti namba 1 mpaka 4, na intavyu ikiisha nazikusanya nahesabu zimerudi zote. Mwanzoni mabosi waliona kama nawafanyia mtihani wa darasa la saba. Siku moja seti moja ikapungua tukaikuta kwenye gari ya mjumbe, kiti cha nyuma, gari imepakiwa Kariakoo, tangu hapo hakuna anayelalamika.

Na steshenari jamani. Printa ya ofisi imekufa, unamtuma kijana na fleshi akaprinti CV 20 steshenari ya jirani, yule dada wa steshenari anazikopi kwenye desktopu yake ndo aprinti, na pale zinabaki mpaka kompyuta ife. Sijui ofisi ngapi zina hili tatizo lakini nadhani ni karibu zote. Kama hakuna njia, simama pale, printi moja kwa moja toka kwenye fleshi, na kama alikopi basi umwombe afute mbele yako na kwenye kapu la taka la kompyuta pia. Hakikisha na WhatsApp yako ya kwenye kompyuta umetoka.

Kuhusu notisi za intavyu, baada ya ule msiba wa Excel tuliondoa kolamu ya maoni, tukaweka fomu yenye maswali matano na alama, na chini nafasi ya kuandika mfano wa alichojibu. "Alieleza jinsi ya kufanya hesabu ya stoo mwisho wa mwezi, alisahau marejesho" ni notisi nzuri. "Hajachangamka" sio notisi, ni umbea. Kipimo ninachowapa paneli ni hiki, andika kama vile mwenyewe atakuja kuisoma, kwa sababu ana haki ya kuomba kuisoma.

Kupiga simu kwa wadhamini

Hapa watu wanaumizwa kweli kweli. Mtu ameandika wadhamini wawili, HR anaona kumbe bado yuko kazini kampuni fulani na HR wa kule anamfahamu, walisoma wote, anampigia tu, "shoga, huyu mtu wenu mnamuonaje?" Jioni yule mtu anaitwa na bosi wake anaulizwa kumbe unatafuta kazi. Kazi mpya hajapata na ya zamani imeingia doa. Namfahamu mtu yaliyomkuta haya, sitasema wapi.

Sheria inataka taarifa uzichukue kwa mhusika mwenyewe, na ukizitafuta kwa mtu mwingine uwe na sababu inayokubalika, mojawapo ikiwa amekubali. Kutaja mdhamini kwenye CV mimi nakuchukulia kama amekubali upige namba HIYO, sio kwamba amekubali umpigie mtu yeyote aliyewahi kufanya naye kazi. Kwa hiyo sisi tunapiga baada ya intavyu, kwa yule mmoja au wawili wa mwisho, na kabla ya kupiga tunamtumia meseji, "Tunataka kuwapigia wadhamini wako kesho, kuna ambaye hutaki tumpigie kwa sasa?" Dakika moja tu. Na kama bosi wa sasa hajatajwa, hatumgusi mpaka mtu ameshasaini.

Kuchungulia Facebook na Instagram ya mtu nako najua mnafanya, na mimi nimefanya. Kitu kilichowekwa hadharani kina nafuu yake kisheria lakini ukishaona amevaa kanzu au ana mimba huwezi tena kujifanya hujaona, na akikosa kazi utathibitishaje kwamba haikuwa hiyo? Mimi nimeacha.

Wamekosa, sasa zile CV?

Hapa ndo maboksi manne yanapozaliwa. Kanuni ni kwamba unatunza kwa muda unaohitajika kwa lengo ulilokusanyia, na lengo lilikuwa nafasi ile. Sisi tumejiwekea miezi 6 na sababu yetu ni hii, malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa kufika CMA ndani ya siku 60, mtu anaweza kuchelewa akaomba aongezewe muda, kwa hiyo tunataka tuwe bado na fomu za alama za kujitetea. Baada ya hapo hakuna sababu. Ukiona wewe miezi 3 inakutosha, sawa, ila andika mahali kwamba ni mitatu na kwa nini.

"Tutakuweka kwenye benki yetu ya vipaji" hilo ni lengo jipya, muulize. Sisi tunauliza kwenye ile emaili ya kumwambia amekosa, ajibu NDIYO kama anataka tumtunze mwaka mmoja. Asipojibu ni hapana. Na tafadhali watumieni watu hiyo emaili ya kuwaambia wamekosa, hilo sio la sheria, ni utu tu.

Siku ya kufuta tunafanya mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Kwenye folda ni rahisi, kazi ni kuzikumbuka kopi: emaili iliyotumwa kwa bosi, kapu la taka la emaili, Downloads ya laptopu (mle utakuta CV za ajabu), bakapu, fleshi, grupu la paneli. Karatasi tunachana kwa mashine ndogo ya kuchania, na kabla hatujainunua tulikuwa tunachoma kwenye pipa nyuma ya jengo. Usimpe mtu wa kununua karatasi kwa kilo, ndo njia ya vitumbua hiyo. Tunaandika kwenye daftari tarehe, nafasi gani, maombi mangapi yamefutwa na nani, bila majina.

Mtu akikuandikia anataka kuona au kufutwa, hakikisha kwanza ni yeye kweli, nilishapata emaili "naomba mnitumie CV yangu mliyonayo" toka emaili tofauti na ile aliyoombea, kumbe ni mchumba wake wa zamani. Mjibu kwenye emaili ile ya mwanzo. Akiwa ni yeye, mpe nakala yake na alama zake, funika majina ya waombaji wenzake, na usikae nayo wiki nne huku unamwambia bosi amesafiri.

Mengineyo kwa haraka

Ukitumia wakala wa ajira, yeye ni mchakataji, yaani anazishughulikia taarifa kwa niaba yako, na wewe bado ni mwenye jukumu, muulize cheti chake cha usajili na muandikishiane mkataba unaosema CV zitafutwa lini. Ukitumia programu ya kuchuja CV yenye seva nje ya nchi, huko ni kusafirisha taarifa nje na kuna masharti yake pamoja na kuomba kibali Tume, usianze tu kwa sababu ni ya bure. Na kama programu ndo inakataa watu yenyewe bila binadamu kuangalia, mhusika ana haki ya kudai uamuzi usifanywe na mashine peke yake.

Zikivuja, usifiche. Andika nini kimetoka, kwa nani, saa ngapi, zuia kisiendelee, itaarifu Tume bila kuchelewa na uwaambie wenyewe. Nikiikumbuka ile Excel yangu, tulichofanya ni kuomba radhi kwenye grupu na kuendelea na kazi, leo nisingefanya hivo. Adhabu sio za mchezo, anayetoa taarifa za mtu kinyume na sheria faini ni kuanzia laki moja mpaka milioni 20 au jela mpaka miaka 10 au vyote, na kampuni ni milioni 1 mpaka bilioni 5. Na mhusika anaweza kudai fidia juu yake.

Kitu cha mwisho ambacho hata sisi tulikigundua mwaka huu tu: daftari la getini. Mlinzi anaandikisha kila mgeni, jina, simu, ametoka wapi, anamwona nani, sababu "intavyu". Kijana mmoja amekuja, anachukua kalamu asaini, mistari miwili juu anaona jina la mwenzake wa meza moja kule wanakofanya kazi, naye kaja kuomba nafasi hiyo hiyo asubuhi ile. Wakakutana kwenye benchi, hakuna anayemwangalia mwenzake. Siku hizi siku ya usaili mlinzi anapewa karatasi yenye namba na saa tu, namba 7 saa nne na nusu, mgeni anataja namba anapita, na jioni ile karatasi naifuata getini mwenyewe.